Jinsi ya kuinasa nukta ya nasibu kwa ndege ya Dar–Kigoma: mwongozo kamili

Tangu nianze kuwaeleza watu mchezo huu, ujumbe ninaoupokea ni ule ule: "Nimepanda ndege Tabora, nimeshuka Kigoma, nukta sikuiona." Mwingine alirekodi safari nzima, akafika nyumbani akakuta nukta yake iko Sudan Kusini. Hawa si wazembe. Karibu wote walikosea mezani, siku moja kabla ya kusafiri, katika dakika tano walizodhani hazina uzito. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua za mezani na za dirishani. Za uwanjani nitazipitia haraka.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unaokota tarakimu kwa bahati nasibu, tarakimu zinakupa mahali kwenye ramani, kisha unapita karibu na mahali hapo kwa ndege ya kawaida ya abiria, ukiwa na kumbukumbu ya simu na ushahidi wa macho yako. Huongezi hata shilingi kwenye nauli. Unatumia safari ambayo ungeisafiri tu.

## Vifaa

- Simu yenye GPS, na pawabenki iliyojaa.
- Programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti. Organic Maps na OsmAnd zote ni za bure na zinatosha. Pakua ramani ya Tanzania nzima ukiwa bado nyumbani.
- Vipande kumi vya karatasi vilivyoandikwa 0 hadi 9, na kofia au bakuli.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inaweza kuzima, daftari halizimi.
- Kitambaa laini cha kufutia dirisha.

Intaneti ya ndani ya ndege huihitaji. GPS ya simu inapokea tu mawimbi kutoka kwenye setilaiti, haitumi chochote.

## Hatua ya 1: Okota tarakimu

Tia karatasi kumi kwenye bakuli. Chomoa moja, iandike, irudishe, tikisa, chomoa tena. Fanya hivyo mara sita. Tatu za kwanza ni desimali za latitudo, tatu za mwisho ni desimali za longitudo.

Usisahau kurudisha karatasi kila mara. Usiporudisha, tarakimu haziwezi kujirudia, na hapo si nasibu kamili tena.

Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho: umepata 6, 0, 4 halafu 6, 3, 8. Latitudo inaishia na .604 na longitudo inaishia na .638.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo siri ilipo. Usichague digrii moja. Desimali hizo zitie kwenye kila mraba wa digrii ambao ndege itaupita. Kati ya Dar es Salaam na Kigoma utapata longitudo tisa: 30.638, 31.638, 32.638 na kuendelea hadi 38.638. Kwa kila moja, chukua latitudo inayoishia na .604 iliyo karibu zaidi na njia ya ndege. Nukta moja uliyoiokota imekuwa nukta tisa, na zote ni za nasibu sawasawa.

Umefaulu ukiwa na: orodha ya nukta tisa daftarini, iliyoandikwa kabla hujaangalia kama zinakufaa.

## Hatua ya 2: Chora njia, kisha chuja

Ndani ya programu, tumia kipimo cha umbali kuchora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Dar es Salaam hadi uwanja wa Kigoma. Ni kama kilomita 1,080, na mstari huo unapita karibu kabisa na Dodoma, kisha kusini ya Tabora kwa kilomita 50 hivi.

Tazama jinsi ulivyolala. Haukulala bapa. Kila unaposogea digrii moja magharibi, unapanda kaskazini kwa 0.21 ya digrii, yaani kilomita 23. Maana yake, kila nukta kati ya zile tisa unaipita kwa umbali uliotofautiana na wa jirani yake kwa kilomita 23. Nusu ya 23 haifiki 12. Kwa hiyo tarakimu zozote utakazookota, lazima nukta mojawapo iwe chini ya kilomita 12 kutoka kwenye mstari. Nimelijaribu hili mezani kwa tarakimu nyingi na halijawahi kuniangusha.

Kwa mfano wetu, nukta ya 31.638 iko kilomita 34 kutoka kwenye njia. Ifute. Ya 36.638 iko kilomita 29, nayo ifute. Na nyingine zilizo mbali zifute vivyo hivyo. Zinabaki mbili nzuri:

- -6.604, 37.638: kaskazini ya Morogoro mjini, kilomita 5 hivi kusini ya njia.
- -5.604, 32.638: mkoani Tabora, kama kilomita 15 magharibi ya mji wa Sikonge, na kilomita 10 hivi kusini ya njia.

Rubani hafuati mstari wako. Anafuata njia za anga na maelekezo ya waongozaji, na anaweza kukwepa wingu. Ndiyo sababu nashauri ubaki na nukta mbili au tatu, usiweke tumaini lote kwenye moja.

### Kwa nini wa Tabora–Kigoma mnakosa

Hili nimeulizwa mara nyingi mno, na jibu lake liko kwenye ramani. Uwanja wa Tabora uko latitudo -5.08 na wa Kigoma uko -4.89. Mstari kati yao, kilomita 350 hivi, umelala karibu bapa juu ya latitudo ya 5. Haupandi wala haushuki vya kutosha. Matokeo yake, tarakimu zako ama zinakubali kwenye miraba yote au zinakataa kwenye yote. Kwa .604 yetu, nukta tatu za kipande hicho ziko kilomita 37, 44 na 51 kutoka kwenye njia. Hata ungeng'ang'ania dirisha mpaka kutua, usingepata kitu.

Dawa yake ni kupunguza mraba. Badala ya digrii nzima, tumia miraba ya sehemu moja ya kumi ya digrii, yenye upana wa kilomita 11. Tarakimu ya kwanza ya latitudo usiiokote, ipokee kutoka kwenye mstari wa njia. Okota ya pili na ya tatu tu. Longitudo iokote yote, digrii na desimali, ili upate nukta moja tu mahali popote kati ya Tabora na Kigoma. Nukta itakuwa ndani ya kilomita 6 za mstari. Na kwa kuwa hapa nukta ni moja, ukiikosa umeikosa. Naona hiyo ndiyo haki ya mchezo.

## Hatua ya 3: Andika majiranukta bila kosa

Wengi wanaziita kodineti. Vyovyote uitavyo, makosa ni matatu na yanajirudia kila siku.

Kusahau alama ya kutoa. Tuko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yetu ni hasi. Ukiandika 5.604, 32.638 bila alama hiyo, simu inakupeleka Sudan Kusini. Yule niliyemtaja mwanzo alifanya hivyo hivyo.

Kugeuza mpangilio. Latitudo kwanza, longitudo baadaye. Ukiandika 32.638, -5.604 uko Moroko, kwenye milima ya Atlas.

Kuchanganya desimali na dakika. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halikupeleki nchi nyingine. Linakuacha papo hapo mkoani Tabora, huku umekosea, na hujui. Digrii moja ina dakika 60. Kwa hiyo 5.604 ni digrii 5 na dakika 36.24 (zidisha .604 kwa 60). Mtu anaona "5°36′" kwenye ramani ya ukutani, anaandika 5.36 kwenye simu, na papo hapo amesogea kilomita 27 kaskazini.

Ukimaliza kuingiza nukta, ihifadhi kama alama, kisha kuza ramani. Soma jina la mji ulio karibu. Kama daftari linasema Sikonge na ramani inaonyesha kitu kingine, rudi mwanzo.

Umefaulu ukiona: alama zako zimekaa kando ya mstari wa njia, kila moja upande na umbali uliouandika.

## Hatua ya 4: Chagua siti

Ukienda Kigoma, ndege inaelekea magharibi. Kushoto kwako ni kusini, kulia ni kaskazini. Ukirudi Dar, geuza. Nukta zetu zote mbili ziko kusini, kwa hiyo siti ni ya dirishani upande wa kushoto. Nukta zikigawanyika pande mbili, chagua upande wa ile iliyo kati ya kilomita 4 na 12.

Labda unajiuliza kwa nini nisichague iliyo karibu kabisa. Dirisha la ndege halioni chini ya tumbo la ndege. Nukta iliyo kilomita moja kutoka kwenye njia utaipita juu yake bila kuiona kamwe. Ya kilomita 10 unaiona vizuri, na muda wa kuitazama ni mrefu.

Epuka siti za katikati. Ndege za pangaboi aina ya Q400 zina bawa juu ya madirisha, jambo jema, lakini injini zake zinaziba wanaokaa usawa wake. Za jeti zina bawa chini, linaloficha ardhi yote. Nyuma ndiko kuzuri.

Jua nalo lifikirie. Mwezi wa Juni liko kaskazini mwetu, Desemba liko kusini. Ukiweza kukaa upande usio na jua, dirisha halitakuwaka machoni.

## Hatua ya 5: Chagua msimu na saa

Mvua za Tabora na Kigoma hunyesha Novemba hadi Aprili, na mawingu hujikusanya mchana. Safari ya asubuhi ni bora. Kuanzia Agosti hadi Oktoba mawingu ni machache lakini moshi wa mapori yanayochomwa unatia ukungu wa kijivu. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ya kuivalia viatu.

## Hatua ya 6: Ipe simu setilaiti kabla ya kupanda

Safari yangu ya kwanza ya mchezo huu iliharibikia hapa. Niliwasha ramani baada ya ndege kuruka. Kitone cha buluu kilibaki Dar es Salaam, mimi nikiwa juu ya Dodoma.

Sababu ni hii. Ili simu ijue ilipo, inahitaji setilaiti zisizopungua nne, na kutoka kwa kila moja lazima isikie ratiba yake yote. Ratiba hiyo inarudiwa kila sekunde 30. Ikikatika katikati, simu inasubiri ianze upya. Ndani ya ndege unaona nusu ya anga, tena kwa kitundu cha dirisha, huku ukikimbia. Inakatika kila mara. Lakini simu iliyokwisha kupata ratiba ikiwa chini huitunza kwa saa kadhaa, na kazi ya angani inakuwa nyepesi.

Basi fanya hivi: ukifika uwanjani, kabla ya kuingia ndani, simama nje mahali penye anga wazi, fungua ramani, subiri dakika tatu hadi kitone kitulie ulipo. Usipige picha uwanjani.

Ukishaketi, washa hali ya ndegeni kama wahudumu wanavyoagiza, kisha hakikisha GPS bado imewashwa. Anza kurekodi njia, weka irekodi kila sekunde moja. Ndege inayokwenda kilomita 600 kwa saa inakula mita 167 kila sekunde. Ukiiacha irekodi kila sekunde 10, kati ya kitone na kitone kuna karibu kilomita 1.7, na huwezi kusema kwa uhakika ulipita wapi.

Onyo: mhudumu akisema zima, zima. Hakuna nukta inayostahili kubishaniwa ndani ya ndege.

Umefaulu ukiona: baada ya kuruka, kitone kinatembea juu ya ramani bila kuruka-ruka. Kikiganda, bandika simu kwenye kioo cha dirisha, skrini ikutazame, usiitikise.

## Hatua ya 7: Dirishani

Nukta ya Morogoro inakuja upesi, kama dakika 20 baada ya kuruka. Ya Sikonge, ukiwa kwenye pangaboi, ni kama saa moja na robo. Anza kujiandaa dakika tano kabla: futa dirisha, fungua daftari, nyoosha mkono.

Ndiyo, nyoosha mkono. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka mbele ya jicho, inafunika nyuzi 10 hivi. Ndege ikiwa mita 7,600 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Tabora zikiwa na mwinuko wa mita 1,200 hivi, uko mita 6,400 juu ya ardhi. Kwa nukta iliyo kilomita 10 pembeni, shuka ngumi tatu na kitu kutoka kwenye upeo wa macho. Kwa ile ya Morogoro iliyo kilomita 5, shuka ngumi tano na nusu. Kitone cha simu kikifika usawa wa alama yako, tazama moja kwa moja kutoka begani, hesabu ngumi, na hapo unapotazama ndipo penyewe.

Safari moja mama mmoja aliketi karibu nami, kapu mapajani, akinitazama ninavyohesabu ngumi. Nilikuwa nimeshamwamkia. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, umepoteza nini huko nje?"

"Sijapoteza, mama. Natafuta mahali palipoandikwa kwenye karatasi hii."

Akaichukua, akaisoma, akaniegemea kuchungulia. Chini palikuwa na miombo iliyokauka rangi ya kutu, na katikati yake vipande vyeupe vyenye kona nne. "Hayo ni mashamba ya tumbaku," akasema, "yamekwisha kuvunwa. Na ile njia nyembamba inayokwenda msituni ni ya kukatia kuni za mabani ya kukaushia tumbaku." Mimi nilikuwa naona mistari tu. Nikayaandika maneno yake daftarini kama alivyoyasema, na hadi leo ukurasa huo ndio ninaoupenda kuliko yote niliyonayo.

Kwa hiyo usitazame simu. Simu inarekodi yenyewe. Wewe tazama ardhi, na andika vitu vitatu: rangi, maji kama yapo, na alama ya mkono wa binadamu kama ipo. Piga picha mbili: moja yenye ukingo wa dirisha ndani yake, nyingine ya ardhi tupu.

Usizime kurekodi baada ya nukta. Bado kuna bonde la Malagarasi na vinamasi vyake, Uvinza yenye chumvi yake, kisha vilima vinafunguka na Ziwa Tanganyika linatokea mbele. Mstari wote huo utakusaidia kuthibitisha.

## Hatua ya 8: Thibitisha

Ukishatua na kufika nyumbani, fungua njia iliyorekodiwa, tafuta mahali ilipoikaribia nukta zaidi, na pima umbali kwa kipimo kile kile cha hatua ya 2.

Saa zitakuchanganya. Faili la GPX, yaani faili la njia uliyorekodi, linaandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa 3. Ukiona 09:14 ndani ya faili, simu yako ilikuwa inaonyesha 12:14. Kwa anayeandika saa za Kiswahili kuna njia fupi: toa 3. Tisa toa tatu ni sita, basi ilikuwa saa 6:14 mchana. Linganisha na saa uliyoandika daftarini. Zikiachana zaidi ya dakika moja, picha zako huenda ni za mahali pengine.

Nahesabu nimefika iwapo: njia imepita chini ya kilomita 12 kutoka kwenye nukta, kurekodi hakukukatika katika dakika mbili za kabla na mbili za baada, na niliiona ardhi kwa macho. Wingu likifunika, naandika "nimepita, sikuona", na nukta hiyo inabaki deni. Wengine wanahesabu hata ya wingu. Mimi naona kufika bila kuona hakutoshi.

## Ukipata nafasi kwenye ndege ndogo

Mara chache mtu hupata siti kwenye ndege ndogo ya kukodi, na rubani akakubali kupita juu ya nukta. Mpelekee nukta moja tu, mapema, akiwa bado anapanga safari. Usimpe desimali ya digrii. Marubani wamezoea digrii na dakika, hivyo andika: S 5°36.24′, E 32°38.28′. Mwambie pia jina la mji wa karibu ili naye ajihakikishie.

Akisema hapana, kwa sababu ya mafuta, hali ya hewa, au eneo hilo kuwa la hifadhi, jibu limekwisha. Akisema ndiyo, mwombe asipite juu ya nukta kabisa. Mwombe aiache upande wako.